Kozo Masuda

Kozo Masuda (kwa Kijapani: 升田幸三, 21 Machi 1918 – 5 Aprili 1991) alikuwa mchezaji wa kulipwa wa shogi, mchezo wa ubao wa Kijapani unaofanana na sataranji. Alikuwa mtu wa kwanza kushika kwa wakati mmoja mataji yote matatu makuu ya shogi yaliyokuwepo wakati wake. Anakumbukwa zaidi kwa jambo lingine: ndiye mchezaji pekee aliyewahi kumshinda Meijin, yaani bingwa mkuu wa shogi, katika mchezo rasmi ambao yeye Masuda aliuanza akiwa na kete moja pungufu. Jambo hilo alikuwa ameliahidi kwa maandishi alipotoroka nyumbani kwao akiwa bado kijana mdogo, na alilitimiza karibu miaka 24 baadaye.

Shogi na cheo cha Meijin

Shogi huchezwa na watu wawili kwenye ubao wenye miraba 81, tisa kwa tisa. Kila mchezaji huanza na kete 20. Kete hizo ni vipande bapa vya mbao vilivyochongoka upande mmoja. Hazitofautiani kwa rangi. Mwenye kete hujulikana kwa kutazama ncha yake imeelekea wapi. Kama ilivyo katika sataranji, lengo ni kumbana mfalme wa mpinzani hadi akose pa kukimbilia. Tofauti kubwa ni kwamba kete iliyotekwa haitoki mchezoni: aliyeiteka huiweka mkononi na anaweza kuirudisha ubaoni kama kete yake mwenyewe.

Tangu zamani, wachezaji wa viwango tofauti walipokutana, aliye bora aliondoa kete yake moja au zaidi kabla ya kuanza ili mchezo uwe na usawa. Punguzo dogo kuliko yote katika desturi hiyo ni kuondoa kyosha moja. Kyosha, jina ambalo mara nyingi hufasiriwa kuwa mkuki, ni kete inayokaa pembeni mwa ubao na kwenda mbele tu bila kurudi nyuma. Kila mchezaji anazo mbili. Mtu anapomwondolea mwenzake kyosha, anatangaza mbele ya watu kwamba anamzidi kwa uwezo.

Cheo cha Meijin kilianza mwaka 1612. Kwa zaidi ya karne tatu kilikuwa cha maisha: aliyekipata alikaa nacho hadi kufa, na kwa muda mrefu kilizunguka ndani ya familia chache zilizolipwa na serikali ya shogun. Katika miaka ya 1930 Meijin wa 13, Kinjiro Sekine, alikubali kuachia cheo hicho ili kianze kushindaniwa. Mwaka 1937 Yoshio Kimura akawa wa kwanza kukipata kwa ushindani. Hata baada ya mabadiliko hayo, Meijin alihesabiwa kuwa kilele cha shogi, na kwa hiyo kumwondolea kyosha lilikuwa jambo lisilo na maana kwa mantiki ya kawaida. Aliye juu ya wote hawezi kuwa na wa kumpunguzia.

Maisha ya awali

Masuda alizaliwa katika familia ya wakulima huko Mirasaka, sehemu ya milimani ya mkoa wa Hiroshima ambayo leo iko ndani ya mji wa Miyoshi. Utotoni alitamani kuwa mpiganaji hodari wa upanga. Ndoto hiyo ilikatika alipoumia mguu kwa kuanguka na baiskeli, na badala yake akajitosa katika shogi, ambayo alikuwa amejifunza nyumbani.

Mwaka 1932, akiwa na miaka kama 13, aliamua kuwa mchezaji wa kulipwa. Mama yake hakukubaliana naye. Kijana huyo aliondoka bila ruhusa, lakini kabla ya kuondoka alichukua rula ya mbao ambayo mama yake aliitumia kupimia vitambaa vya kushona, akaandika nyuma yake kwa wino. Maandishi hayo yalieleza kwamba yeye Kozo anakwenda Osaka, na kwamba shabaha yake ni kumwondolea Meijin kyosha na bado kumshinda.

Hakufika Osaka moja kwa moja. Kwa muda alifanya vibarua katika mji wa Hiroshima, kisha akapokelewa Osaka na Kinjiro Kimi, mchezaji wa daraja la juu aliyekuwa na wanafunzi nyumbani kwake. Kama ilivyokuwa desturi, wanafunzi wapya walifanya kazi za nyumba huku wakijifunza kwa kutazama na kwa kucheza wao kwa wao. Masuda alipata daraja la 4, ambalo ndilo mlango wa kuwa mchezaji wa kulipwa, mwaka 1936.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtoto wa miaka 12 aitwaye Yasuharu Oyama, kutoka Kurashiki katika mkoa jirani wa Okayama, naye aliletwa kwa Kimi. Masuda, aliyemzidi kwa miaka mitano, alikuwa kaka yake katika nyumba hiyo na alishiriki kumfundisha. Wawili hao walikuja kuwa wapinzani wakubwa kuliko wote katika shogi ya karne ya 20.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wakati alipokuwa akipanda ngazi kwa kasi, Masuda aliitwa jeshini. Alitumikia, akaruhusiwa kurudi, kisha akaitwa tena mwaka 1944 na kupelekwa kwenye kisiwa cha Pohnpei katika Bahari ya Pasifiki. Meli za kuleta mahitaji zilikatwa na majeshi ya Marekani, na wanajeshi wa Kijapani kisiwani waliishi kwa njaa na mashambulizi ya ndege.

Baadaye Masuda alisimulia kwamba usiku huko kisiwani alikuwa akiutazama mwezi na kumfikiria Kimura, Meijin wa wakati huo, akitamani mwezi huo ungeweza kupeleka hatua za shogi hadi Japani na kuzirudisha, ili wacheze mchezo mmoja kabla hajafa. Alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1945 akiwa hai, lakini afya yake ilikuwa imeharibika. Maradhi aliyotoka nayo vitani yalimfuata katika sehemu kubwa ya kazi yake.

Kurudi mchezoni

Mwaka 1946 gazeti moja la Osaka liliandaa pambano kati yake na Kimura. Masuda alishinda michezo mitatu mfululizo. Hakukuwa na taji lililowaniwa, lakini matokeo hayo yaliwaonyesha Wajapani kwamba Meijin aliyetawala kwa miaka karibu kumi alikuwa amepata wa kumtikisa.

Mwaka uliofuata aliitwa kwenye makao makuu ya majeshi ya Washirika yaliyoitawala Japani baada ya vita. Wakuu wa kigeni walikuwa wakichunguza mila za Kijapani zilizodhaniwa kuchochea moyo wa vita. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliulizwa kama shogi, ambamo kete za adui hutekwa na kutumikishwa, haifundishi kuwatesa mateka. Masuda alijibu kwamba ni kinyume chake: katika sataranji ya Magharibi kete iliyotekwa huuawa, lakini katika shogi hupewa kazi tena kwa cheo kilekile. Aliongeza kwamba mfalme wa sataranji hujiokoa hata kwa kumtoa malkia wake afe. Mazungumzo hayo yanajulikana hasa kupitia maelezo yake, lakini yamekuwa sehemu ya historia ambayo wapenzi wa shogi husimuliana. Shogi haikupigwa marufuku.

Mlima Koya

Mwaka 1948 Masuda alikuwa hatua moja tu kufikia pambano la Meijin. Alikuwa ameongoza daraja A, kundi la juu la wachezaji, na alipaswa kucheza michezo mitatu ya mwisho na mtu aliyepanda kutoka hatua za chini za mchujo. Mtu huyo alikuwa Oyama, aliyetokea daraja B. Mshindi angemkabili Meijin wa wakati huo, Masao Tsukada, aliyekuwa amempokonya Kimura cheo mwaka 1947.

Michezo hiyo ilifanyika katika mahekalu ya Mlima Koya, mahali patakatifu pa Wabuddha katika mkoa wa Wakayama, ambako majira ya baridi ni makali. Masuda hakuwa na afya nzuri. Baada ya kila mmoja kushinda mchezo mmoja, mchezo wa tatu ulimwendea vizuri Masuda, na mwishoni alikuwa na ushindi mkononi. Oyama alimtishia mfalme wake kwa hatua ya mwisho ya kukata tamaa. Palikuwa na jibu rahisi. Masuda, ambaye alikuwa na haraka ya kumaliza, alimsogeza mfalme kwenye mraba usiofaa, na hapo hapo akawa amefungwa.

Oyama ndiye aliyekwenda kumkabili Tsukada, ingawa alishindwa. Kosa la Mlima Koya limeendelea kutajwa kama moja ya makosa ghali kuliko yote katika historia ya shogi. Masuda alipata nafasi yake ya kwanza ya kuwania cheo cha Meijin mwaka 1951 tu, na Kimura, aliyekuwa amekirudisha cheo hicho, alimshinda kwa michezo 4 kwa 2.

Tukio la Jinya

Wakati huo gazeti la Mainichi lilikuwa limeanzisha taji jipya liitwalo Osho, jina la kete ya mfalme katika shogi. Mapambano ya shogi hugharamiwa na magazeti, ambayo huchapisha hatua za michezo kwa wasomaji wao, na taji jipya lilihitaji kitu cha kuwavutia. Kitu hicho kilikuwa kanuni ya sashikomi. Pambano lilikuwa na michezo saba, na mchezaji aliyemtangulia mwenzake kwa ushindi wa michezo mitatu alilazimika kumwondolea kyosha katika mchezo uliofuata. Kanuni hiyo haikumbagua yeyote, hata Meijin.

Masuda alieleza baadaye kwamba yeye aliipinga kanuni hiyo kwa kuwa ingevunja heshima ya cheo cha Meijin, na kwamba Kimura aliikubali kwa kujiamini. Katika pambano la kwanza la Osho, lililochezwa kuanzia mwaka 1951 hadi 1952, waliokutana ni hao hao wawili. Baada ya michezo mitano Masuda alikuwa anaongoza kwa 4 kwa 1. Alikuwa tayari ameshinda taji, na mchezo wa sita ulipaswa kuwa ule aliouandika kwenye rula ya mama yake: yeye dhidi ya Meijin, akiwa na kyosha moja pungufu.

Mchezo huo ulipangwa kufanyika Februari 1952 katika nyumba ya wageni ya Jinya, kwenye chemchemi za maji moto za Tsurumaki mkoani Kanagawa. Masuda alifika, kisha akakataa kucheza. Sababu aliyoitoa ni kwamba alibonyeza kengele mlangoni na hakuna aliyekuja kumpokea, jambo aliloliona kuwa dharau. Waandaaji na wachezaji wenzake walijaribu kumbembeleza bila mafanikio, na mchezo haukufanyika.

Shirikisho la Shogi la Japani lilitangaza kumfungia kwa mwaka mmoja. Adhabu hiyo ilizua mgawanyiko, hasa kwa kuwa wachezaji wa upande wa Osaka walimtetea, na magazeti yalilijadili suala hilo kwa wiki kadhaa. Mwishowe Kimura, ambaye ndiye angekaa upande wa pili wa ubao siku ile, alikabidhiwa kazi ya kuamua. Aliwapatanisha, adhabu ikaondolewa, na Masuda akatambuliwa kuwa Osho wa kwanza.

Sababu halisi ya tukio hilo haijaacha kujadiliwa. Wapo wanaoona kwamba ilikuwa hasira ya kweli dhidi ya waandaaji, ambao Masuda, aliyekuwa na uhusiano na gazeti la Asahi, hakuwa na maelewano nao mazuri. Wengine huamini kwamba ilipofika saa ya kumvunjia heshima Meijin mbele ya taifa zima, hakuweza kulifanya jambo alilolitamani tangu utotoni, na kengele ilikuwa kisingizio. Jinya yenyewe haikupoteza jina. Imeendelea kuwa moja ya kumbi maarufu za mapambano ya mataji ya shogi.

Mchezo wa mwaka 1956

Mwaka huo huo wa 1952 Oyama alimshinda Kimura na kuwa Meijin akiwa na miaka 29. Kimura alistaafu. Kuanzia hapo mtu aliyesimama kati ya Masuda na ndoto yake alikuwa mdogo wake wa zamani katika nyumba ya Kimi. Oyama alimpokonya pia taji la Osho, na alimshinda Masuda katika mapambano ya Meijin ya mwaka 1953 na 1954, yote kwa michezo 4 kwa 1. Wengi walianza kuamini kwamba Masuda, mgonjwa na mwenye karibu miaka 40, alikuwa amepitwa na wakati wake.

Pambano la tano la Osho, lililoanza mwishoni mwa mwaka 1955, lilibadilisha mawazo hayo. Masuda, akiwa mshindani, alishinda michezo mitatu ya kwanza mfululizo dhidi ya Oyama, aliyekuwa Osho na Meijin kwa pamoja. Kwa kanuni ya sashikomi, mchezo wa nne ulipaswa kuchezwa Masuda akiwa ameondoa kyosha. Safari hii hakukataa.

Mchezo ulifanyika Januari 1956. Masuda aliondoa kyosha yake ya kushoto na kucheza dhidi ya Meijin aliyekuwa na kete zote 20. Kwa wachezaji wa kiwango hicho tofauti ya kete moja ni kubwa, kwa kuwa ukingo mzima wa ubao unabaki bila mlinzi. Zaidi ya hayo, Oyama alikuwa na sifa ya kujilinda kuliko mchezaji yeyote. Hata hivyo, Masuda alishinda. Afya yake haikumruhusu kuendelea na michezo iliyobaki ya pambano hilo, lakini taji la Osho lilikuwa tayari lake, na ahadi ya mwaka 1932 ilikuwa imetimia.

Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Kanuni ya sashikomi ililegezwa miaka michache baadaye, na kwa utaratibu wa leo pambano la Osho humalizika mara mmoja anapofikisha ushindi wa michezo minne. Kwa hiyo rekodi ya Masuda si tu kwamba haijavunjwa, bali mazingira ya kuivunja hayapo tena.

Mataji matatu

Masuda alitetea taji la Osho dhidi ya Oyama msimu uliofuata. Mwaka 1957 alitwaa pia taji la Kudan, na mwezi Julai mwaka huo alimshinda Oyama kwa michezo 4 kwa 2 na kuwa Meijin kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 39. Wakati huo mataji makuu ya shogi yalikuwa matatu tu, na yote yakawa mikononi mwa mtu mmoja kwa mara ya kwanza katika historia. Hata hivyo, alieleza kwamba baada ya safari hiyo yote alijiona bado yuko chini ya mlima.

Alitetea cheo cha Meijin mwaka 1958, tena kwa 4 kwa 2. Lakini kilele hicho hakikudumu. Oyama alirudisha taji la Osho, na mwaka 1959 akarudisha cheo cha Meijin kwa 4 kwa 1. Jumla ya mataji makuu ya Masuda ilibaki 7: Meijin mara 2, Osho mara 3 na Kudan mara 2.

Ushindani na Oyama

Baada ya mwaka 1959 Oyama alitawala shogi kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Alishikilia cheo cha Meijin miaka 13 mfululizo na kufikisha jumla ya mataji makuu 80. Masuda alimfuata katika miaka hiyo yote. Aliwania cheo cha Meijin mwaka 1963, 1966, 1968 na 1971, na kila mara alishindwa na Oyama.

Kwa jumla walikutana katika michezo rasmi 167. Oyama alishinda 96, Masuda 70, na mmoja ulikwisha kwa sare. Katika mapambano 20 ya kuwania mataji makuu, Oyama alishinda 15 na Masuda 5. Takwimu hizo zinaonyesha wazi nani alishinda zaidi, lakini zinaonyesha pia kwamba hata katika miaka ya utawala wa Oyama hakuna aliyemsumbua kwa muda mrefu kama Masuda.

Tabia zao zilikuwa tofauti kama michezo yao. Oyama alikuwa mtulivu, mwenye nidhamu ya kazi, asiyeugua mara kwa mara. Alicheza kwa kusubiri mpinzani akosee. Masuda alikuwa na nywele ndefu na ndevu, alivuta sigara bila kupumzika, alikunywa pombe nyingi, na alisema waziwazi mambo ambayo wengine waliyanong'ona. Katika Japani ya baada ya vita, mtu aliyetoroka nyumbani bila kitu na kuwakabili wakubwa bila kuwaogopa alipendwa na wengi ambao hawakujua hata kusogeza kete.

Mtindo wa uchezaji

Masuda alithamini hatua mpya kuliko ushindi wenyewe. Aliamini kwamba kazi ya mchezaji wa kulipwa ni kuleta ubaoni kitu ambacho hakijawahi kuonekana, hata kama wapinzani watakiiga siku inayofuata. Wakati wenzake wengi walifuata njia za mwanzo wa mchezo zilizokwisha kuthibitishwa, yeye alizibomoa na kuzijenga upya. Mbinu kadhaa za shogi bado zinaitwa kwa jina lake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1971. Akiwa na miaka 53, alimkabili Oyama katika pambano la Meijin kwa kutumia mfumo wa Ishida, mbinu ya zamani ambayo wachezaji wa kulipwa walikuwa wameidharau, akiwa ameibadilisha kwa njia yake mwenyewe. Katika mchezo mmoja wa pambano hilo aliiweka kete yake ya fedha mahali ambapo ilionekana kutolewa bure, na hatua hiyo imehesabiwa kuwa miongoni mwa hatua bora zaidi zilizowahi kuchezwa. Pambano lilifika mchezo wa saba na wa mwisho. Oyama alishinda kwa 4 kwa 3, na Masuda hakupata tena nafasi ya kuwania cheo hicho. Mfumo alioutumia, unaojulikana kama Ishida ya Masuda, umeendelea kuchezwa na wachezaji wa kulipwa na wa kawaida hadi karne ya 21.

Kustaafu na kifo

Katika miaka ya 1970 afya yake ilizidi kuzorota na alikaa nje ya mashindano kwa vipindi virefu. Alistaafu mwaka 1979 bila kuwahi kushuka kutoka daraja A tangu alipoingia. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha maisha yake, ambacho kichwa chake kinamtaja kama mtu aliyemwondolea Meijin kyosha. Aliendelea kuandika, kufafanua michezo ya wengine, na kucheza go, mchezo mwingine wa ubao alioupenda sana.

Kwa kuwa hakufikisha mataji matano ya Meijin yanayohitajika kupewa cheo cha Meijin wa Kudumu, Masuda hakuhesabiwa katika orodha hiyo. Mwaka 1988 Shirikisho la Shogi la Japani lilimtunuku jina la heshima la Meijin wa nne wa zama za ushindani, baada ya Kimura, Tsukada na Oyama.

Alifariki tarehe 5 Aprili 1991 akiwa na miaka 73. Oyama alifariki Julai 1992, mwaka mmoja na miezi michache baadaye, akiwa bado anacheza katika daraja A.

Urithi

Katika miaka ya 1990 Shirikisho la Shogi la Japani lilianzisha Tuzo ya Kozo Masuda, ambayo hutolewa kila mwaka kwa aliyeleta hatua au mbinu mpya yenye manufaa kwa mchezo. Tuzo hiyo haiangalii idadi ya ushindi. Inampa heshima yule aliyegundua kitu, na kwa hiyo imetolewa hata kwa wachezaji ambao hawakuwahi kushika taji lolote.

Yoshiharu Habu, aliyekuja kuivuka rekodi ya mataji ya Oyama, amewahi kumtaja Masuda kama mchezaji wa zamani ambaye angependa kucheza naye, kwa kuwa mawazo yake yalitangulia wakati wake. Michezo ya Masuda bado huchapishwa na kusomwa, na kila zinapotajwa kete za kyosha katika historia ya shogi, hutajwa pia rula ya mshonaji wa Mirasaka na kijana aliyeiandika kabla ya kuondoka nyumbani.